Roux kwa aliyechoka kukariri fomula: jibu kwa mdogo wangu wa Wete

Swali la kupanga kyubu ya Rubik limetoka kwa mwanafunzi wa kidato cha tatu, Wete, Pemba. Kaandika hivi: "Kaka shikamoo. Mie napanga kyubu ya tatu kwa tatu kwa njia ya tabaka kwa tabaka, nimefika sekunde 40 hivi na hapo nimekwama, haishuki tena. Kaka angu yuko Unguja anatumia CFOP, ananambia nikariri fomula 78 kama yeye, na mie nina mitihani ya skuli, hizo fomula haziningii. Nimesikia kuna njia inaitwa Roux, unajenga bloki na hukariri sana. Nimeijaribu lakini bloki ya kwanza peke yake inanichukua dakika nzima. Je niendelee au niache? Na hiyo bloki ya kwanza watu wanaionaje?"

Marahaba mdogo wangu. Endelea, usiache, na ntakwambia kwa nini, alafu tuingie kwenye hiyo bloki ya kwanza taratibu manake naona hapo ndo penye swali lako khasa.

Kwanza tuwekane sawa kuhusu hizo fomula, yaani mifuatano ya mizunguko unayoikariri. Kaka ako hajakudanganya, CFOP kamili (unaanza na msalaba wa chini, alafu pea, alafu tabaka la juu) ina fomula 57 za OLL, za kugeuza tabaka la juu liwe rangi moja, na 21 za PLL, za kupeleka vipande vyake mahali pake, jumla ndo hizo 78, na ni njia nzuri, mabingwa wengi wakubwa wanaitumia, Max Park wa Marekani alipopanga kwa sekunde 3.13 mwaka 2023 alitumia CFOP hiyo hiyo. Kwa hiyo asije mtu akakwambia Roux ni ya wenye akili na CFOP ni ya wanaokariri tu, hapana, mtu wa CFOP mwenye spidi anafikiri sana. Ila hizi njia mbili zinataka kichwa kifanye kazi kwa namna tafauti. Kwenye CFOP sehemu kubwa ya mwisho unaitambua sura ya juu, unapiga fomula yake, unatambua tena, unapiga tena. Roux, aliyoitunga Mfaransa Gilles Roux mwaka 2003, inataka uone kipande hiki kiko hapa na kile kiko pale na ujue vitakutana wapi, karibu mwanzo hadi mwisho ni hivyo, kuna sehemu moja tu katikati ndo unapiga fomula ulizokariri. Wewe umeshasema mwenyewe kukariri kunakuelemea, na ukakaa dakika nzima unahangaika na bloki bila kuitupa kyubu, mie hilo la pili ndo limenifanya niseme endelea. Mtu asiyependa kutafuta vipande hakai dakika nzima.

Na hii fikra ya kujenga bloki si mpya, ilikuwepo kabla Roux hajaitunga yake. Msuedi mmoja, Lars Petrus, alikuwa nayo tangu miaka ya 1980 mwanzoni, akashiriki mashindano ya dunia ya Budapest mwaka 1982 na akashika nafasi ya nne (aliyeshinda ni Minh Thai wa Marekani kwa sekunde 22.95, na kyubu za wakati ule zilikuwa nzito kuzungusha). Hoja ya Petrus ni nyepesi na ndo inayoeleza kwa nini umekwama kwenye 40. Ukipanga tabaka kwa tabaka, ukishamaliza tabaka la kwanza umejifunga mikono, kila unachotaka kufanya baada ya hapo lazima ulivunje tabaka ulirudishe, ulivunje ulirudishe, ndo manake njia ya mwanzo inakula mizunguko 100 na zaidi kirahisi tu. Ukijenga bloki ndogo ukaiweka pembeni, pande nyengine zinabaki huru, unazungusha utakavyo na kilichokwisha hakiguswi. Petrus alianza na bloki ya mbili kwa mbili kwa mbili. Roux akaanza na ya moja kwa mbili kwa tatu, kushoto, alafu nyengine kama hiyo kulia, na safu ya kati akaiacha wazi mpaka mwisho. Huo uwazi wa safu ya kati ndo utamu wote wa njia hii, na ndo unaofanya Roux kwa wastani imalize kwa mizunguko kama 48 wakati CFOP inapita 55.

Kabla sijaendelea, herufi, ili tusipotezane. R ni upande wa kulia kuelekea saa inavyokwenda, R yenye koma (R') ni kinyume chake, R2 ni mara mbili. U ni juu, F ni mbele, B ni nyuma, na zenyewe hivyo hivyo. M ni safu ya kati iliyosimama, ile iliyo kati ya kushoto na kulia. M' ukiitazama kwa mbele inapanda juu, M inashuka. Na r ndogo ni R pamoja na safu ya kati vikienda kwa mpigo mmoja. Hizo zinatosha.

Sasa bloki. Ishike kyubu nyeupe iwe chini na bluu iwe kushoto, yaani kile kipande cha kati cha bluu kinaangalia mkono wako wa kushoto. Ukishika hivyo na kyubu yako ina rangi za kawaida, nyekundu inakuwa mbele, kijani kulia, chungwa nyuma, njano juu. Bloki ya kushoto ina vipande sita tu. Kipande cha kati cha bluu unacho tayari, hakiendi popote. Vilivyobaki ni ukingo (kipande cha rangi mbili) wa nyeupe-bluu unaokaa chini kushoto, kingo mbili zinazosimama ambazo ni bluu-nyekundu kwa mbele na bluu-chungwa kwa nyuma, na kona mbili (zenye rangi tatu tatu), nyeupe-bluu-nyekundu na nyeupe-bluu-chungwa. Vipande vitano unavitafuta kati ya 20 vinavyotembea. Na kwa miezi ya mwanzo tumia bloki hii hii ya nyeupe-bluu kila siku, usibadilishe rangi, acha macho yazoee. Baadae utakuja kuchagua ubavu wowote ulio rahisi, hilo lina faida kubwa kweli lakini si la leo.

Wengi wanaoanza wanaitafuta bloki yote kwa mpigo mmoja, vipande vitano kwa pamoja, na kichwa kinajaa hapo hapo. Dakika yako nzima nadhani inaishia humo. Igawe. Kwanza weka ukingo wa nyeupe-bluu mahali pake chini kushoto, huo karibu kila mara ni mizunguko miwili au mitatu. Alafu chukua kona moja na ukingo wake, uvioanishe viwe pea, pea hiyo uiingize. Hapo una mraba: kati, ukingo wa chini na pea moja. Alafu pea ya pili, bloki imekwisha. Kwa hiyo si vipande vitano, ni ukingo mmoja na pea mbili, mambo matatu tu.

Hebu chukua kyubu mkononi tufanye mfano. Sema ukingo wa nyeupe-bluu uko mahali pake, pea ya nyuma ya bluu-chungwa umeshaiingiza, imebaki pea ya mbele, kona ya nyeupe-bluu-nyekundu na ukingo wa bluu-nyekundu. Kona iko juu, mbele kushoto, na bluu yake inaangalia juu, nyekundu inakuangalia wewe, nyeupe inaangalia kushoto. Ukingo uko chini mbele kabisa, kwenye safu ya kati, bluu yake inakuangalia wewe na nyekundu inaangalia chini. Tabaka kwa tabaka hapa ungeanza kuvunja na kurudisha. Kwenye Roux unafanya

M' F'

basi, imekwisha. M' inaunyanyua ule ukingo mpaka juu mbele, ukifika pale bluu imegeuka inaangalia juu na nyekundu inakuangalia, na ubavuni mwake ile kona inaungoja kwa rangi zile zile, vimeshakuwa pea, F' inaibwaga pea yote kushoto mahali pake. Ifanye polepole mara kadhaa na uangalie nini kimetokea kwenye kila mzunguko. Kisha irudishe nyuma, F alafu M, uone pea inavyotoka na kuachana. Ukilielewa hili umeelewa bloki ya kwanza, manake vyengine vyote ni ndugu zake, ni kuleta ukingo kwa safu ya kati au kwa upande wa kulia mpaka ukutane na kona, alafu F au B kuingiza.

Kuna jambo limewachanganya wengi waliotoka kwenye tabaka na naamini hata wewe. Ukishapiga M', vile vipande vya kati vya mbele, juu, nyuma na chini vyote vinahama. Utaona mbele kuna kati ya nyeupe, juu kuna nyekundu, utasema kyubu imeharibika. Haijaharibika. Bloki ya kushoto inaijua kati moja tu, ile ya bluu, na M haiigusi. Wewe uliyezoea kuuliza "nyekundu imekutana na kati nyekundu?" sasa unauliza kitu chengine, "ukingo na kona vimekubaliana wenyewe kwa wenyewe, na bluu yao iko na kati ya bluu?" Vikikubaliana, kati ya mbele iwe rangi yoyote itakayo, itarudi mwishoni.

Na upande wa kulia, uchezee. Wakati wa bloki ya kwanza R yote ni yako, zungusha huku na kule bila khofu, hakuna kitu cha thamani kule. Pea nyingi zinaundwa kule kulia kirahisi kuliko kushoto, unaigeuza R mpaka pea ikae mbele kulia, kona juu na ukingo chini yake, alafu F2 inaivusha kuja kushoto.

Sasa mazoezi, na hapa nakuomba unisikilize vizuri kwa sababu ndo patakapokutoa kwenye ile dakika nzima. Taima iweke mbali kabisa. Vuruga kyubu, kaa, usizungushe chochote. Tafuta ukingo wa nyeupe-bluu uko wapi, fikiria mizunguko ya kuupeleka, alafu kabla hujaufanya fikiria kona moja na ukingo wake vitakuwa wapi baada ya mizunguko hiyo. Ukiwa na uhakika, fumba macho, fanya, fumbua uone kama imekuwa ulivyotarajia. Kama haikuwa, rudisha kyubu ilipokuwa (kwa hiyo andika mvurugo wako kwenye karatasi) na utafute kipande gani kilikutoroka. Mcheza bao mzuri hagusi kete mpaka ameshaona mtaji wake unaishia shimo gani, na anaona hivyo kwa sababu amekaa akaangalia sana, na wewe jicho hilo ndo unalolitafuta. Kyubu ina hali 43,252,003,274,489,856,000, hakuna binadamu aliyezikariri na hakuna atakayezikariri, bloki ya kwanza inaonwa tu, haikaririwi.

Kwa nini nasisitiza kuona kabla ya kugusa? Kwenye mashindano rasmi ya Shirikisho la Kyubu la Dunia, WCA, unapewa sekunde 15 za kuitazama kyubu kabla ya taima kuanza. Hizo 15 ni za bure. Mtu wa Roux aliyekomaa ndani ya hizo 15 ameshaiona bloki ya kwanza yote, vipande vyote vitano, akigusa kyubu mikono inakwenda yenyewe na macho yake yameshaanza kutafuta vipande vya bloki ya pili. Wewe usianze na vyote vitano. Anza na ukingo tu. Ukiuzoea ongeza pea moja, yaani mraba wote. Hapo pea ya pili utaitafuta ukiwa unaendelea kuzungusha, na hata ukiishia hapo kwa muda mrefu uko pazuri, usijione uko nyuma. Na zoezi hili halitaki utulivu wa ajabu, unaweza kulifanya barazani baada ya magharibi, au kwenye boti ya kutoka Mkoani kuja Unguja, safari yote ile ni mvurugo na kuangalia, mvurugo na kuangalia.

Bloki ya pili nitakwenda haraka kidogo kwa sababu ni akili ile ile ila umefungwa zaidi, bloki ya kushoto imeshakaa kwa hiyo unabaki na R, r, U na M tu, F umeiaga. Unaanza na ukingo wa nyeupe-kijani uende chini kulia. Ukiuona juu kulia na nyeupe yake inaangalia juu, R2, umekaa. Ukiuona pale pale lakini kijani ndo kinachoangalia juu, watu wanahangaika, na dawa yake ni

U M' U R2

U inaupeleka mbele kwenye safu ya kati, M' inaupindua na kuutupa nyuma juu, U inaurudisha kulia sasa nyeupe ikiwa juu, R2 inaushusha. Bloki ya kushoto haijaguswa hata kidogo. Angalia jinsi safu ya kati inavyotumika kama pahala pa kupindulia kingo, jambo hilo utalitumia maisha yako yote ya Roux. Baada ya hapo pea mbili za kulia, unaziunganisha juu unaziingiza kwa R na U, na uzuri wake ni kwamba huna haja hata mara moja ya kuigeuza kyubu yote mkononi, kushoto imetulia, macho yako yanatazama juu na mbele tu. Watu wa CFOP wanapoteza muda pale wanapogeuza kyubu kutafuta pea za nyuma.

Bloki mbili zikikaa, zinabaki kona nne za juu na kingo sita. Kona ndo sehemu yenye fomula, inaitwa CMLL, kesi 42. Usitishike na 42, wewe zigawe mara mbili, kwanza kugeuza kona zote ziangalie juu, kuna sura saba, alafu kuzibadilishana mahali, kuna mbili. Fomula tisa. Na moja wapo kama unatoka tabaka kwa tabaka unaijua tayari, R U R' U R U2 R', kwa hiyo zimebaki nane, na ukijifunza moja kwa wiki hata mitihani haitakulalamikia. Halafu kwa vile kingo za juu na safu ya kati hazijapangwa bado, fomula hizi zina ruhusa ya kuziharibu, ndo manake nyingi ni fupi. Hizo 42 kamili utazihitaji siku ukiwa umeshashuka chini sana, si sasa, na mtu akikuharakisha mwambie subiri.

Mwisho zinabaki kingo sita, na hii kwangu ndo sehemu tamu kuliko zote kwenye kyubu, wallahi, manake ni M na U peke yake mpaka mwisho na huna fomula, una kuona. Kingo sita hizo zote, kila mmoja, una rangi ya njano au nyeupe. Kwanza hakikisha kati ya juu ni njano au nyeupe (kama ni nyekundu au chungwa piga M moja). Alafu angalia kila ukingo, ukiwa njano au nyeupe yake inaangalia juu au chini ni mzuri, ikiwa inaangalia ubavuni ni mbaya. Wabaya siku zote ni idadi shufwa, hawana, au wawili, au wanne, au sita, ukihesabu watatu basi kuna mmoja hujamuona, angalia chini kwa nyuma. Kesi ya kuijua kwanza ni ya wabaya wanne, watatu juu yaani kushoto, kulia na mbele, na mmoja chini mbele. Inaitwa mshale, na inakwisha kwa

M' U M'

mizunguko mitatu tu na kingo zote zinakuwa nzuri. Kesi nyengine karibu zote unazileta kwenye mshale alafu unapiga hiyo.

Kingo zikishakuwa nzuri, tafuta mbili, njano-bluu na njano-kijani, hizo zinakwenda juu kushoto na juu kulia. Zishushe zote mbili chini kwenye safu ya kati, moja mbele moja nyuma. Sema njano-bluu iko chini mbele: basi zungusha U mpaka kona zenye ubavu wa bluu ziangalie nyuma, piga M2, ule ukingo unaruka mpaka juu nyuma unakutana na kona zake, wenzake wa kijani wamekutana mbele, U' inarudisha kila kitu mahali pake. Sasa zimebaki kingo nne kwenye safu ya kati tu, na hizo zinazunguka kwa mchanganyiko wa M na U2, mfano M' U2 M U2 inazungusha tatu na kuiacha moja. Cheza nayo, utajiona mwenyewe unaanza kujua kabla hujamaliza.

Vidole navyo. M' inapigwa na kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kinashika ukingo wa chini kwa nyuma kinauvuta kuja mbele. M2 ni kidole cha pete alafu cha kati vikifuatana. Siku za mwanzo kidole kitauma na safu itakwama nusu, ni kawaida, fanya polepole mpaka itoke safi.

Hapo sasa nakuja kwenye kyubu yenyewe, hukuuliza lakini lazima niseme. Kyubu ngumu za madukani zinazouzwa pamoja na midoli ya watoto hazifai kabisa kwa Roux, kwa CFOP mtu anaweza kuvumilia, kwa Roux safu ya kati ikikwama umekwisha. Kyubu yenye sumaku ya bei ya chini ya kampuni kama MoYu au QiYi inatosha kabisa, huna haja ya ile ghali ya GAN. Kama huna uwezo sasa hivi, bandua vifuniko vya vipande vya kati uone skrubu ndani, legeza zote sita kwa kiasi sawa, robo mzunguko robo mzunguko, ujaribu. Mafuta ya nazi usitie, yanaganda na kunata, na ya cherehani wala usiyaguse, hayafai kwa plastiki. Tafuta mafuta ya silikoni tupu, yanapatikana kwenye maduka ya spea za magari, tone moja mawili. Na kwetu huku mchanga na chumvi ya bahari vinaingia kila mahali, usiende nayo pwani, na ukiisikia inakwaruza ifungue uifute kila kipande kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu kaka ako. Usibishane nae ipi bora, hayo mabishano hayana mwisho, Roux imewafikisha watu kama Kian Mansour wa Marekani na Sean Patrick Villanueva wa Ufilipino kwenye kiwango cha dunia na CFOP imewafikisha wengi zaidi. Mwambie akuvurugie kyubu na akuhesabie sekunde 15 za kuangalia, hicho ndo kitu atakachokusaidia. Na jua kwamba kwa wiki kadhaa utakuwa mzito kuliko hizo 40 zako, hilo halikwepeki, usirudi kwenye tabaka kila ukiona taima imekuvunja moyo, manake ukichanganya njia mbili jicho halikomai kwa yoyote. Kama kuna mashindano au mchezo na wenzako skuli wiki hii, tumia njia yako ya zamani siku hiyo, kesho yake rudi kwenye bloki.

Ukishaweza kuona ukingo na pea moja kabla ya kugusa, niandikie na mvurugo mmoja uliokushinda, uandike herufi zake zote pamoja na bloki uliyojaribu kujenga, tutaupitia mzunguko kwa mzunguko inshallah.